Mtoto Acheze Nje, Lakini si Penye Mashimo

SAFU YA AFYA
Somo la kusoma nyumbani na kuzungumza katika kikundi

Kabla hujaendelea na somo hili, weka gazeti chini kidogo. Fumba macho. Kumbuka siku moja ya utoto wako, ulipokuwa na umri wa miaka saba au minane. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Mlikuwa mnacheza mchezo gani?

Sasa fumbua macho, ujijibu kwa kweli. Je, uliona kuta za chumba? Watu wazima wengi wakiulizwa swali hili hawataji chumba. Hutaja mti waliokuwa wakiupanda, kijito, kichuguu, kiwanja cha mpira au njia ya kwenda kuchota maji. Kumbukumbu zetu za kwanza zilizo nzuri nyingi ziko nje ya nyumba.

Hebu sasa ujiulize swali la pili. Mwanao akifika umri wako, naye akafumba macho, ataona nini? Swali hilo ndilo somo letu la leo. Tutazungumza juu ya mchezo wa nje na afya ya mtoto, na zaidi juu ya mtoto wa Makongolosi na sehemu nyingine za Chunya ambako dhahabu inachimbwa.

MADHUMUNI YA SOMO

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:
1. Kueleza kwa nini mtoto anahitaji kucheza nje kila siku.
2. Kutaja hatari zinazomkabili mtoto anayecheza karibu na machimbo.
3. Kushirikiana na majirani zako kutengeneza mahali salama pa kuchezea.

TULIPOKUWA WATOTO

Wengi wetu tuliokulia katika nchi hii ya miyombo tunakumbuka mvua za kwanza za Novemba. Udongo ulinukia. Kumbikumbi walitoka katika vichuguu, nasi tukawakimbilia na sufuria na mabakuli. Tulijua kichuguu kipi kina kumbikumbi wengi, wala hakuna aliyetuandikia. Tuliona kwa macho yetu mwaka hadi mwaka.

Tuliyajua matunda ya porini: makusu, mabula, matonga, mafuru, ukwaju na ubuyu. Kila kabila lina majina yake, lakini utamu ni ule ule. Wakubwa wetu walituonyesha lipi linaliwa na lipi haliliwi, lipi lisubiriwe lianguke lenyewe na lipi lichumwe. Tulijifunza kusikiliza ndege na kunyamaza. Tulijifunza kutazama chini tunapopita kwenye majani marefu, maana nyoka hapigi hodi.

Vitu vya kuchezea tulivitengeneza wenyewe. Mpira ulikuwa wa vitambaa na nailoni, umefungwa kamba. Gari lilikuwa la waya, na magurudumu yake vifuniko au malapa yaliyochakaa. Mtoto wa kubebwa mgongoni alikuwa gunzi la hindi. Kwa udongo wa kichuguu tulifinyanga ng'ombe, zizi na mchungaji wake. Jioni tulicheza rede, mdako, kuruka kamba na kombolela mpaka mama akaita mara ya tatu.

Tena Makongolosi ni mji uliokusanya watu. Tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, watu wamekuja hapa kutoka pande nyingi. Watoto wao hawakungoja darasa ili wafahamiane. Mtoto wa Kinyakyusa, wa Kisukuma, wa Kisafwa na wa Kibungu waliingia katika mchezo mmoja, wakagombana, wakapatana, wakajikuta wanaongea Kiswahili kimoja.

Lakini tusidanganyane kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mema. Wapo wenzetu waliokufa kwa surua. Wapo waliokojoa damu kwa sababu ya kichocho walichokipata kwenye maji ya kuogelea. Wapo walioumwa na nyoka. Wapo waliokosa shule kwa sababu walikuwa machungani mwaka mzima. Kwa hiyo somo hili halikuambii urudi zamani. Linakuambia uchague lililokuwa jema katika utoto wako, ulitoe katika madhara yake, umpe mwanao.

MTOTO ALIYECHEZEA MAYAI YA VYURA

Nchini Kenya, katika wilaya ya Nyeri, alizaliwa mwaka 1940 mtoto wa kike wa wakulima. Karibu na kwao palikuwa na kijito. Mama yake alimtuma maji, naye akifika kijitoni alikunywa maji safi, kisha akacheza katikati ya majani ya magimbi. Aliona majini nyuzi za mayai ya vyura, akadhani ni shanga. Alijaribu kuziokota azivae, zikakatika mkononi. Baadaye aliona viluwiluwi weusi wakiogelea pale pale.

Mtoto huyo alikuwa Wangari Maathai. Alipokuwa mtu mzima alirudi akakuta kijito kimekauka na akina mama wanakwenda mbali kutafuta maji. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti, ambayo akina mama wa vijijini waliifanya kuwa kazi yao. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Katika hotuba yake mbele ya wakubwa wa dunia hakuona haya kuwaeleza habari za kijito kile na mayai ya vyura.

Ndugu msomaji, hapa pana funzo. Mtu hawezi kulinda asichokijua wala kukililia asichokipenda. Mama yule aliulinda msitu kwa sababu aliucheza utotoni. Nasi tukitaka kesho wapatikane watu wa kuilinda misitu ya Chunya, inayokatwa kwa mkaa, kwa tumbaku na kwa matimba ya migodini, yatupasa leo tuwape watoto nafasi ya kuijua.

MCHEZO UNAMPA MTOTO NINI?

Wazazi wengi husema, "Anacheza tu." Neno hilo "tu" si sawa. Mtoto anapocheza anafanya kazi kubwa ya kujijenga. Tuangalie faida zake moja moja.

Kwanza, mwili. Moyo, mapafu na misuli hukua kwa kutumiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, yaani saa tatu. Mwaka 2020 shirika hilo lilisema tena kwamba mtoto wa miaka mitano hadi kumi na saba apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kazi ya mwili inayompandisha pumzi. Kukimbia, kuruka kamba na kucheza rede kunatosha kabisa. Hakuhitajiki fedha.

Pili, mifupa. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chokaa kutoka katika chakula na kuimarisha mifupa. Mtoto anayefungiwa ndani siku zote anaweza kuikosa, mifupa yake ikawa laini na miguu ikapinda. Jua tunalo bure, lakini la saa sita mchana ni kali. Jua la asubuhi na la alasiri linafaa zaidi.

Tatu, macho. Mtoto anayekaa ndani akitazama vitu vya karibu kila saa yuko katika hatari zaidi ya kushindwa kuona mbali. Huko Guangzhou, nchini China, shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, mwaka 2015, matokeo yalitangazwa: watoto wa shule hizo waliopata tatizo hilo walikuwa wachache kuliko wale wa shule ambazo hazikuongeza muda wa nje.

Nne, akili. Mtoto anayejenga daraja la vijiti juu ya mfereji anajifunza kupima, kukadiria, kukosea na kuanza upya. Anayehesabu kete za mdako anajifunza hesabu. Anayefuata msururu wa siafu anajifunza kuuliza "kwa nini". Mwalimu akimpokea mtoto wa namna hii darasani, amepokea shamba lililokwisha kulimwa.

Tano, tabia. Katika mchezo kuna sheria. Mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kupigana na kushinda bila kuringa. Hujifunza pia kumpokea mwenzake mlemavu na kumtafutia nafasi katika mchezo. Hayo hayafundishwi kwa fimbo.

NJIA TATU ZISIZOFAA

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Makongolosi anauza chakula karibu na karasha. Ana mtoto wa miaka mitano. Baba ameingia shimoni tangu alfajiri. Bibi yuko mbali. Mama huyu afanye nini na mtoto?

Njia ya kwanza ni kumfungia ndani na kumwachia simu yenye katuni. Mtoto atatulia, lakini mwili wake hautakua kama unavyotakiwa. Tena moto, nyaya za umeme na dawa za wakubwa vimo humo humo ndani. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, ule mwongozo wa mwaka 2019 unasema kutazama kioo kusizidi saa moja kwa siku, na kupungua ni bora. Kwa mtoto asiyefika mwaka mmoja unasema asitazame kabisa.

Njia ya pili ni kwenda naye kazini. Pale karasha kuna vumbi, mashine, mawe na zebaki. Leo atacheza na mchanga wa marudio, kesho atabeba ndoo ndogo ya maji, mwaka ujao atakuwa mfanyakazi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania. Wilaya yetu ya Chunya ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa.

Njia ya tatu ni kumwacha azurure na wenzake kutwa bila mtu mzima. Hapo atacheza kweli, lakini ni nani atakayemzuia asikaribie shimo?

Mama huyu si mzembe. Ameachiwa peke yake mzigo ambao wazee wetu waliubeba wengi. Zamani mtoto alikuwa wa kijiji. Shangazi alimwona, babu alimwona, na jirani alimkemea bila kuomba ruhusa. Kilichopungua leo ni macho ya watu wazima, na hicho tunaweza kukirudisha.

HATARI TUZIJUE KWA MAJINA

Kumwambia mtoto "usiende kule" hakutoshi. Mzazi ajue hatari yenyewe ili aweze kuieleza.

1. Mashimo. Shimo lililoachwa likiota majani pembeni halionekani. Kingo zake humomonyoka, hasa wakati wa masika. Likijaa maji huonekana kama bwawa la kuogelea, kumbe halina mahali pa kushika wala pa kutokea. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima, tena huzama kimya, bila kelele.

2. Zebaki. Hii ni metali iliyo majimaji, inayong'aa kama fedha. Ukiimwaga hugawanyika katika vijitone vinavyokimbia, na kwa hiyo watoto hupenda kuichezea. Wachenjuaji huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma. Ikichomwa hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo ukivutwa huingia katika damu na kudhuru ubongo na figo. Mtoto mchanga na mtoto aliye tumboni ndio wanaodhurika zaidi, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa.

Dunia iliujua ubaya wa zebaki kwa msiba wa mji wa Minamata, nchini Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ulemavu ingawa mama zao walionekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

3. Vumbi la mawe. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walikufa. Wazazi wao walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi, ile metali ya sumu. Vumbi lilitanda uani, watoto wakacheza humo, wakatia mikono kinywani. Mawe ya kila nchi hayafanani. Lakini funzo ni moja: uani pa kuchezea watoto si pahali pa kusagia mawe.

4. Maji ya plenti. Mahali panapotumika sianidi kuchenjulia marudio, maji yake ni sumu. Mabwawa hayo yazungushiwe ua imara, na mtoto asikaribie hata kwa kufuata mpira.

5. Maji yaliyotuama. Humo huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya katika ngozi ya mtu anayeoga au kuchezea maji. Mtoto akikojoa damu apelekwe zahanati. Dawa ya kichocho ipo.

6. Miguu mitupu na nyoka. Minyoo ya safura hupenya nyayoni kutoka katika udongo wenye kinyesi. Ndala zinasaidia, na choo kinasaidia zaidi. Kama nyoka amemuuma mtoto, usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba kwa kukaza. Mtulize, asitembee, umkimbize kituo cha afya.

7. Barabara. Pikipiki na malori ni mengi kuliko zamani. Kiwanja kisipakane na njia.

SHERIA INASEMAJE?

Baadhi yetu hufikiri kwamba mchezo ni zawadi ambayo mzazi akipenda hutoa, asipopenda hunyima. Sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unautaja mchezo kuwa haki ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji wa madini umetajwa humo kwa jina.

Hapa tuseme jambo moja juu ya watoto wa kike. Mara nyingi kaka akitoka shule huenda kiwanjani, dada huenda kisimani, jikoni na kubeba mdogo wake. Kazi ndogo za nyumbani ni malezi mema kwa wote. Lakini kama kazi inammalizia binti jua lote, naye amenyimwa haki yake. Gaweni kazi sawa, ili wote wapate saa ya mchezo.

TUFANYE NINI?

Nyumbani:
- Zebaki isiingie nyumbani kabisa. Isihifadhiwe chumbani, isichomwe jikoni, wala sufuria ya chakula isitumiwe. Ikimwagika, usiifagie kwa ufagio, maana utaitawanya. Ondoa watoto kwanza, fungua milango na madirisha, kisha uombe ushauri kwa mtaalamu wa afya.
- Baba au mama akitoka machimboni aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anaporudi kutoka mchezoni na kabla ya kula.
- Mtoto anywe maji safi ya kutosha, kwani jua la Chunya hukausha mwili.

Kwa majirani:
Kaya saba zilizo karibu zinaweza kukubaliana jambo jepesi. Kila kaya ichukue siku moja ya juma. Siku hiyo mtu mzima mmoja wa kaya hiyo huwaangalia watoto wote kuanzia saa tisa na nusu alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni. Anaweza kuwa huku anachambua mboga au anasuka mkeka, mradi macho yake yako kwa watoto. Kwa hesabu hii kila kaya itatoa jioni moja, na kila mtoto atapata jioni saba.

Kwa kitongoji:
Mwombeni mwenyekiti wa kitongoji aitishe mkutano, mchague uwanja wa watoto. Uwanja mzuri una sifa hizi:
- Uko mbali na mashimo, makarasha, mialo na barabara kubwa.
- Una mti mmoja au zaidi wa kivuli. Kama hakuna, pandeni muembe au mzambarau masika haya, na kila mtoto apewe zamu ya kumwagilia.
- Umefyekwa majani na kuokotwa vioo, misumari na makopo.
- Mchanga wake wa kuchezea haukutoka kwenye marudio.
- Una choo karibu na maji ya kunawa.

Vifaa si ghali. Tairi kuukuu na kamba imara hufanya bembea. Gogo lililolazwa hufundisha kutembea kwa mizani. Matairi yaliyofukiwa nusu ni ya kurukia. Kagueni kamba kila wiki kabla watoto hawajapanda.

Kwa wachimbaji:
Ndugu mchimbaji, shimo usilolitumia tena lifukie. Kama bado hujamaliza kazi, lizungushie ua wa miti na miiba na uweke alama. Usiseme, "Wangu hawafiki huku." Mtoto wa mwenzako atafika. Uchomaji wa zebaki ufanyike mbali na makazi, kwa chombo kinachofungwa ambacho huurudisha mvuke uwe majimaji tena. Nawe utakuwa umeokoa zebaki yako, mapafu yako na mtoto wa jirani.

Kwa shule:
Tangu mwaka 1980 nchi yetu imekuwa na Klabu za Malihai, ambazo huwafundisha wanafunzi habari za wanyama na mimea. Mwalimu anaweza kuuliza namna ya kuanzisha klabu, au akaanza na bustani ya miti ya asili nyuma ya darasa. Kipindi cha michezo kisiliwe na masomo mengine.

MATEMBEZI YA SAA MOJA

Limebaki jambo moja ambalo uwanja hauwezi kulifanya bila wewe. Mtoto anahitaji mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi au Jumapili mchukue mwanao matembezi ya saa moja. Mkienda, mwonyeshe miti mitano na umpe majina yake. Mwambie huu ni mninga, hutoa mbao. Huu ni mkusu, utatupa matunda. Huu magome yake babu alitengenezea mzinga. Mwonyeshe nyayo za kanga, kiota cha ndege, na tundu la nyuki wadogo wasiouma. Mfundishe sheria tatu: asile tunda asilolijua, asitie mkono katika shimo, asivunje kiota. Akikuuliza jambo usilolijua, sema, "Sijui, twende tukamuulize bibi." Hapo utakuwa umemfundisha mambo mawili kwa pamoja.

Kama wewe umekuja Makongolosi ukubwani na huijui miti ya hapa, usione haya. Tafuta mzee mwenyeji mwende pamoja. Wazee wetu wana maktaba kichwani, na kila tunapomzika mmoja bila kumuuliza, tumezika vitabu. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefundishwa majina ya miti akiwa na miaka sita hatayasahau akiwa na sitini.

KUMBUKA

Mchezo wa nje ni sehemu ya afya kama chanjo na lishe. Mtoto asifungiwe ndani kwa hofu, wala asiachiwe hatari kwa uzembe. Afya ya nchi hii haikujengwa na waganga peke yao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira kwa mikono yao. Walianza kwa kuzungumza, wakamaliza kwa jembe. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa ajili ya kiwanja kimoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja aeleze mchezo mmoja alioupenda utotoni. Je, watoto wetu wanaujua? Kama hawaujui, nani atawafundisha?
2. Katika kitongoji chetu, watoto hucheza wapi sasa? Hatari zipi ziko karibu na mahali hapo?
3. Ni mashimo mangapi yaliyoachwa wazi karibu na nyumba zetu? Wenye nayo ni nani, na tutazungumza nao namna gani?
4. Mama anayefanya kazi kutwa tumsaidieje ili mtoto wake asikae karasha?
5. Watoto wa kike na watoto walemavu wanapata nafasi sawa ya kucheza? Kama hawapati, ni kwa nini?

KAZI YA WIKI HII

Kabla ya kukutana tena, kikundi kizungukie kitongoji kwa miguu. Andikeni kila shimo mnaloliona na mahali lilipo, kisha orodha hiyo mpelekeeni mwenyekiti. Chagueni pia sehemu moja inayofaa kuwa uwanja. Siku ya kukutana njooni na majembe, mapanga na fyekeo, si madaftari peke yake.

Ndugu msomaji, tulianza kwa kufumba macho. Miaka thelathini ijayo mwanao naye atafumba yake. Tumwachie aone bembea chini ya mti, wenzake wanacheka, na mtu mzima ameketi kivulini anawatazama. Shime, wazazi. Majani ya uwanja hayajifyeki yenyewe.